College Football 25: nunua kwa ajili ya Dynasty, mengine ni nyongeza

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. College Football 25 ya EA Sports, gemu la video la futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ni gemu moja zuri sana lililotiwa boksi moja na mengine ambayo ningeweza kuishi bila kuyafungua. Hilo zuri ni Dynasty, ile sehemu unayokabidhiwa timu ya chuo na kuambiwa haya, kocha ni wewe: tafuta vijana, panga kikosi, shinda mechi, usifukuzwe. Toleo la 26 limeshatoka na bado mimi jioni nikishakula ninawasha hili hili.

Ninaishi kaskazini mashariki mwa Ohio, kazi yangu ni ya ghala. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Januari, mapumziko ya Jumatatu kule kazini yana mada moja tu. NFL, ligi ya kulipwa, nilishaizoea: timu 32, ratiba moja, fainali moja, hauhitaji mwalimu. Vyuo ndivyo vilivyonitoa jasho. Msimu wa 2024 daraja la juu peke yake, lile la FBS, lilikuwa na timu 134 kwenye konferensi kumi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe, na pembeni kuna zinazojitegemea kama Notre Dame na UConn. Big Ten ina timu 18. Big 12 ina 16. Pac-12 mwaka ule ilibaki na mbili, Oregon State na Washington State, wengine wote wamehama. Ukimuuliza mtu imekuwaje, anaanza na babu yake aliyesoma Michigan na kumalizia na mikataba ya televisheni, na wewe umebaki pale pale. Gemu hili ndilo lililonipangia hayo mambo kichwani. Kwa hiyo mapitio haya yatakuwa marefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza historia, maana bila hiyo huelewi kwa nini watu wazima walichukua likizo siku lilipotoka. Gemu la mwisho la vyuo kabla ya hili lilikuwa NCAA Football 14, la Julai 2013. Kisha kimya cha miaka 11. Sababu ni pesa. Ed O'Bannon, aliyeichezea UCLA mpira wa kikapu, alijikuta ndani ya gemu la kikapu: umbo lake, namba yake, hata mkono wake wa kushoto, kasoro jina tu, na hakulipwa hata senti. Mwaka 2009 akaenda mahakamani, na mwaka 2014 jaji Claudia Wilken akaamua kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilikuwa inavunja sheria ya ushindani wa biashara. Vyuo vilishaogopa kabla hata ya hukumu, gemu likafa. Lilifufuka baada ya Julai 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Safari hii wachezaji zaidi ya 10,000 walikubali kuwekwa ndani, kila mmoja kwa dola 600 na nakala ya gemu. Kwa maoni yangu dola 600 ni hela ya vocha ukilinganisha na kilichouzwa, lakini angalau sasa jezi ina mwenyewe na jina lake liko mgongoni. Juu ya boksi wamewekwa watatu: Quinn Ewers wa Texas, Donovan Edwards wa Michigan na Travis Hunter wa Colorado. Likatoka 19 Julai 2024, kwa PS5 na Xbox Series X na S pekee.

Sasa uwanjani. Aliyezoea Madden, gemu la EA la NFL, atashika kontrola na kujiona yuko nyumbani, na haitachukua muda atagundua kwamba huu ni mchezo mwingine. Tazama ile mistari midogo miwili ya katikati, inayoamua mpira utawekwa wapi kabla ya kila jaribio. Kwenye NFL imeachana futi 18 na inchi 6. Kwenye vyuo ni futi 40. Ukiutazama kwenye televisheni huoni umuhimu wake. Ukiwa na kontrola mkononi ndiyo unaona. Mpira ukiwa umewekwa kushoto, upande wa kulia unabaki mpana kiasi kwamba walinzi hawawezi kuujaza bila kuacha tundu mahali pengine. Ndipo inapokuja ile mipango ya kukimbia ambayo NFL huioni sana: kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anakimbia kuelekea pembeni na mkimbiaji wake sambamba, macho yote mawili kwa mlinzi mmoja tu. Mlinzi akimjia yeye, mpira anamrushia mwenzake. Mlinzi akimfuata mwenzake, anaubana na kukata kona. Ukipatia, unajiona fundi. Ukichelewa nusu sekunde, mpira unabingirika nyasini na watu wazito wanauangukia.

Sheria nazo zimefuatwa. Mpwa wangu, ambaye hucheza nami wikiendi, amekulia NFL. Siku ya kwanza mdakaji wake alidaka pasi ndefu akateleza akiwa peke yake, hakuna mlinzi ndani ya yadi kumi, akaanza kubonyeza vitufe kama mwenye kifafa cha vidole. "Mjomba, mbona haamki huyu?" Haamki kwa sababu kwenye vyuo goti likigusa chini umeisha, hata kama hujaguswa na mtu. Kudaka nje kidogo, mguu mmoja ndani unatosha. Na mechi ikiisha sare hakuna kungoja saa: kila timu inapewa mpira kwenye yadi ya 25 na kuambiwa funga. Kuanzia muda wa nyongeza wa tatu ni jaribio moja moja la pointi mbili, zamu kwa zamu, mpaka mmoja ashindwe. Nimeshuhudia mpwa wangu akiomba dua kabla ya jaribio, na dua hazikutosha.

Lakini kilichonikamata mimi ni kelele. Mimi nilichukua Kent State. Ni chuo cha jirani, na nilitaka timu ya chini kabisa ili nione ngazi kutoka mwanzo wake. Ratiba yao ya 2024 iko humo kama ilivyokuwa, na mechi ya tatu inakupeleka Knoxville, uwanja wa Neyland wa Tennessee, watu zaidi ya laki moja. Jaribio la tatu kati ya manne, yadi nane zimebaki. Nikaomba mchoro wa mpango, ile michirizi ya rangi inayokuonyesha kila mdakaji anakwenda wapi. Nyumbani michirizi hiyo imenyooka, unaisoma kwa kutupa jicho. Kule ilikuwa inapinda na kutetemeka mpaka sikujua nani anakata ndani na nani ananyoosha mbele. Skrini inatikisika, kontrola inanguruma. Nikabadilisha mpango dakika ya mwisho, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza hakusikia, akaenda kule alikoambiwa mwanzo, na pasi yangu ikatua kifuani mwa mlinzi wa Tennessee kana kwamba ameagiza. Ukitaka kupiga mkwaju kwenye uwanja kama huo, mshale wa kulengea nao haukai mahali pamoja. Watengenezaji wamezipanga hizo hasira za viwanja kwa ngazi, na Kyle Field wa Texas A&M ndio waliouweka namba moja. Nimefika. Sirudi bila sababu.

Usidhani gemu limetia chumvi kwa Kent State. Msimu halisi wa 2024 walimaliza 0-12. Tennessee iliwafunga 71-0, wiki iliyofuata Penn State ikawafunga 56-0. Wageni wa mchezo huu huuliza: sasa timu kama hii inakwenda huko kutafuta nini? Inatafuta hundi. Chuo kikubwa kinakilipa chuo kidogo kuja kupigwa mbele ya watu, na malipo hayo huweza kupita dola milioni moja kwa mechi, ambazo zinaendesha michezo mingine ya chuo kile. Na tofauti na ligi za soka tulizozizoea, hapa hakuna kushuka daraja. Kent State ilipoteza mechi zote kumi na mbili na mwaka uliofuata ikaanza pale pale, konferensi ile ile ya MAC. Kupanda nako si kwa ushindi, ni kwa mwaliko wa konferensi na ada. NCAA iliipandisha ada ya kuingia FBS mwaka 2023 kutoka dola 5,000 hadi dola milioni 5. Ukishalijua hilo, msimu mzima unausoma upya. Hakuna anayepigania kubaki. Kila mtu anapigania kijana wa mwakani.

Na hapo ndipo Dynasty inapokuwa gemu la maana. Wiki yako ya kocha ina saa zilizohesabiwa, na unaweza kuwafuatilia vijana wa sekondari 35 kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana nyota, kutoka moja hadi tano, na kila mmoja ana mambo anayoyajali: kucheza mapema, kuwa karibu na kwao, jina la chuo, ubora wa masomo, vifaa, kuonekana kwenye televisheni. Chuo chako nacho kina alama kwa kila jambo. Kent State kwenye jina ina alama za aibu. Kwenye nafasi ya kucheza mapema, kwa hali ile ya kikosi, ina alama nzuri kupita maelezo.

Nikampata kijana wa Canton, mdakaji, nyota tatu. Ni wa kutengenezwa na gemu, msimtafute. Nikampeleleza kwanza, maana nyota zinadanganya: wengine ukiwachunguza inatokea alama ya kijani, maana yake ni lulu iliyofichika, wengine nyekundu, maana yake umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Wa kwangu akatoka kijani. Nikamwekea saa zangu karibu zote, nikamwalika chuoni siku ya mechi tuliyoweza kushinda, si ile ya wakubwa, kwa sababu ukialika kijana aje kukutazama ukifungwa arobaini, ziara inageuka hasara. Kila wiki ile mistari ya nani anaongoza ilikuwa inasogea, mimi, kisha chuo kimoja kikubwa cha Big Ten, kisha mimi. Akasaini kwangu. Niliruka kwenye kochi kama nimeshinda taji.

Misimu miwili akawa mdakaji bora wa MAC. Msimu ulipoisha, dirisha la uhamisho likafunguka na jina lake likawemo. Unaweza kumbembeleza abaki, una nafasi chache tu za kubembeleza na kila moja ina asilimia yake. Nilibembeleza. Akaenda. Ndivyo ilivyo hata nje ya skrini: tangu 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka, na tangu Aprili 2024 anaweza kuhama hata kila mwaka ilimradi masomo yake yako sawa. Vyuo vidogo vimekuwa kitalu cha wakubwa. Nilikuwa nimewasikia wazee wa kazini wakilalamika juu ya jambo hili na nikidhani ni malalamiko ya wazee. Alipoondoka kijana wangu wa Canton, nilikwenda kukaa nao meza moja.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu hii ya usajili ndiyo inayostahili bei ya gemu zima. Haina mbwembwe. Ni jedwali, alama na saa, na mtu akipita nyuma yako atadhani unajaza fomu za kodi. Lakini ndani ya jedwali hilo kuna mchezo wote wa vyuo vya Marekani: nani ni wa mkoa gani, nani ana hela, nani ana jina, nani anatembea na nani. Na kuna furaha ndogo ndogo njiani. Kent State na Akron, kwa mfano, hugombea gurudumu la gari la kukokotwa kila mwaka, Wagon Wheel, na limo kwenye gemu. Tuliposhinda msimu wa kwanza tukiwa na ushindi wa kuhesabika, hilo gurudumu lilikuwa taji langu la dunia. (Kent State hii hii ndiyo aliyoichezea Nick Saban, aliyekuja kutwaa mataji saba ya taifa kama kocha kabla ya kustaafu Januari 2024. Alikuwemo kwenye kikosi cha 1972, na mpaka leo lile ndilo taji pekee la MAC la chuo hicho. Mimi nimewapa la pili, ila NCAA hawalitambui.)

Hilo taji langu ndilo lililonifundisha mtoano. Tulimaliza na mechi mbili tu tulizofungwa, tukashinda fainali ya MAC pale Ford Field, Detroit, nikakaa kusubiri orodha ya timu 12 zinazoingia mtoano wa taji la taifa. Hatukuwemo. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Utaratibu wa gemu, kama ulivyokuwa 2024, ni huu: mabingwa watano wa konferensi walio juu zaidi kwenye viwango wanaingia, nafasi saba zilizobaki zinagawiwa kwa viwango tu. Nne za mabingwa kwa kawaida zina wenyewe, SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. Nafasi ya tano ndiyo wanayoigombania wadogo wote, na bingwa wa Mountain West alikuwa juu yangu. Ndivyo ilivyotokea kweli msimu ule ule wa 2024: Chuo Kikuu cha Ohio, si Ohio State, walichukua MAC kwa kuifunga Miami ya Ohio 38-3 na wakaishia hapo, Boise State ya Mountain West ikaingia, tena kama namba tatu, bila kucheza raundi ya kwanza.

Hiyo zawadi ya kuvuka raundi ya kwanza kwa mabingwa wanne bora imo kwenye gemu kama ilivyokuwa 2024. Kwa kweli mwaka ule haikumsaidia mtu: Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, wote wanne, walitolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Mwaka 2025 kanuni ikabadilishwa, sasa wanne wa juu ni wa juu kwa viwango tu, ubingwa wa konferensi haukubebi. Kwa hiyo toleo hili limekuwa kumbukumbu ya kanuni iliyodumu msimu mmoja. Mimi sijali, napenda hivyo. Aliyechukua taji msimu ule alikuwa Ohio State, ambaye tarehe 30 Novemba alifungwa nyumbani na Michigan 13-10 na mji mzima ukataka kocha afukuzwe, kisha tarehe 20 Januari 2025 kule Atlanta akaifunga Notre Dame 34-23. Enzi za mtoano wa timu nne, zilizoisha na msimu wa 2023, timu yenye matokeo yale ilikuwa haina tiketi. Raundi ya kwanza inachezwa nyumbani kwa wenye namba tano hadi nane, mwezi wa Desemba, na kwenye gemu theluji ikianguka Columbus, kwao Ohio State, na mgeni wako ni timu ya Kusini, unaona kabisa wadakaji wake wanavyoangusha mipira. Au labda ni mimi tu ninayependa kuamini hivyo.

Kitu kingine ninachokisifu ni kwamba konferensi unaweza kuzipanga upya mwenyewe. Nilipoanza Dynasty mpya na mpwa wangu, nilirudisha USC, UCLA, Oregon na Washington kwenye Pac-12, kwa sababu akili yangu inakataa habari ya UCLA kusafiri kutoka Los Angeles hadi New Jersey kucheza na Rutgers, na hiyo ikaitwa mechi ya konferensi. Walisafiri kweli, Oktoba 2024. Mpwa wangu hakuona tatizo lolote. Vijana wa siku hizi.

Zile divisheni za mashariki na magharibi ndani ya konferensi, ambazo ukisoma makala za zamani unazikuta kila mahali, zimekufa karibu zote. SEC na Big Ten waliziacha mwaka 2024 walipokaribisha wageni, MAC nao wakaziacha, na msimu ule ni Sun Belt pekee waliobaki nazo. Sasa wawili wa juu kwenye jedwali ndio wanaocheza fainali. Kwenye gemu hilo unalielewa wiki ya kwanza tu ya Novemba, unapogundua kwamba unahitaji mtu asiyekuhusu afungwe na mtu usiyemjua.

Nije kwenye manung'uniko. La kwanza na kubwa: ngazi imekatwa chini. Gemu lina FBS tu. Chini yake kuna FCS, yenye mtoano wake wa timu 24 na fainali yake, ambayo Januari 2025 ilichezwa Frisco, Texas, na North Dakota State wakaishinda kwa 35-32 mbele ya Montana State, mechi tamu kuliko nyingi za wakubwa. Chini tena kuna Divisheni ya Pili, halafu ya Tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, kijana anacheza kwa kupenda. Mount Union, chuo kidogo kilichopo Alliance hapa hapa Ohio, kina mataji 13 ya taifa ya Divisheni ya Tatu. Kwenye gemu hakimo. Ukikutana na timu ya FCS kwenye ratiba, unakutana na jezi zisizo na mwenyewe na jina la upande wa nchi tu. Sasa fikiria: mwaka 2024 Kent State ilifungwa na Saint Francis ya Pennsylvania, timu ya FCS, 23-17, nyumbani. Ni aibu ya kihistoria, na gemu limeifuta kwa kunipa mpinzani wa kubuni ambaye nilimfunga bila kusimama. Nilinyimwa hata haki ya kulipiza kisasi.

La pili, makocha. Wachezaji ni wa kweli, makocha katika toleo hili ni wa kubuni. Unaingia Alabama, kocha ni mtu usiyewahi kumsikia. Toleo la 26 limelirekebisha hilo, na limeongeza Delaware na Missouri State waliopanda kuingia Conference USA, timu zikawa 136.

La tatu ni Ultimate Team, na hapa sitapoteza maneno. Ni kadi za wachezaji unazozikusanya, na njia fupi ya kuzipata ni kutoa kadi ya benki. Nilimwambia mpwa wangu hilo duka tutapita nje yake tu. Road to Glory, ambayo wewe ni mchezaji mmoja, unachagua nafasi kati ya tano, unagawa wiki yako kati ya masomo, mazoezi na umaarufu, ni nzuri kwa wiki moja ya mvua. Kuanzia sekondari haimo. Hiyo nayo imerudi kwenye 26.

Sauti sina neno. Chris Fowler na Kirk Herbstreit wanatangaza kama Jumamosi usiku ya kweli, bendi za vyuo zinapiga nyimbo zao wenyewe, Clemson wanagusa jiwe lao na kushuka kilima. Mke wangu, ambaye mchezo wenyewe hautaki, huniambia niongeze sauti wakati timu zinaingia uwanjani na nipunguze mpira ukianza.

Bei. Lilitoka kwa dola 69.99, na lile la anasa dola 99.99 lenye siku tatu za kuwatangulia wenzako, ambazo kwangu ni biashara ya wasio na subira. Leo diski iliyotumika inapatikana kwa sehemu ndogo ya hiyo bei. Ikiwa unataka makocha wa kweli na sekondari, nenda moja kwa moja kwenye 26. Ikiwa unachotaka ni kuelewa huu mchezo unaendaje, hili la 25 linatosha na linakuachia pesa mfukoni. Anza na timu ya MAC au Sun Belt, usianze na Georgia. Ukianza na Georgia kila kijana anakukubali na hujifunzi chochote. Punguza dakika za robo ili mechi isikule usiku mzima. Hakikisha unacheza na mtu, maana Dynasty ya mtandaoni inapokea hadi watu 32, na hata mkiwa wawili tu mtapigana vita vya usajili mpaka msalimiane kwa shida. Wenye PS4, Xbox One au kompyuta, hakuna toleo lenu, msihangaike kulitafuta.